Meza ya Mama Majoho

Jumatatu, 3 Juni

Siku kumi na tano tu! Jumanne ya tarehe 18 narudia mtihani wa Takwimu. Masomo mengine yote nimefaulu, hili moja limeniganda kama kupe. Nikianguka tena sihitimu. Narudia mwaka, na mwakani nitakuwa darasa moja na mdogo wangu. Mdogo wangu niliyemfundisha kufunga kamba za viatu! Leo kaniandikia ujumbe: dada, mwakani nikuwekee kiti mbele au nyuma? Mshenzi. Nimecheka mpaka nikapaliwa na dawa ya meno.

Azimio: natafuta mahali pa kusomea. Chumbani hakusomeki, mwenzangu anajifunza tarumbeta.

Jumanne, 4 Juni

Maktaba, ghorofa ya tatu, kiti cha dirishani. Hapo ndipo ninapopapenda kuliko pote — tatizo, hata wengine wanapapenda. Saa mbili na nusu asubuhi viti vyote vina wenyewe na watu hawapo! Ndiyo desturi yetu: ukiacha kitu, kiti ni chako. Skafu, daftari, chupa ya maji. Kiti changu kimewekewa kiatu. Kimoja! Cha mguu wa kushoto. Nimengoja saa nzima nimwone mwenyewe akija anachechemea. Hakuja. Nimesoma kurasa mbili nikiwa wima, mkutubi akaniambia nihamie kwingine, namzibia mlango. Haya. Kwa urefu huu, hawaniiti Mlingoti bure.

Alhamisi, 6 Juni

Jana: ngazi za nyuma ya maabara. Pametulia, pana upepo mzuri. Upepo ukaondoka na majibu yangu ya sura ya nne.

Leo: kantini, baada ya chakula cha mchana. Mpishi mkarimu mno. Kanipa chai ya pili bila kuombwa, kisha akanisimulia ndoa ya binti yake kuanzia siku ya posa. Tumeishia kwenye ugomvi wa keki. Takwimu nilizosoma: sifuri.

Ijumaa, 7 Juni

NIMEPAPATA!

Mvua ilinikimbiza, nikasukuma mlango wa kwanza niliouona, chini ya ukumbi mkubwa. Chumba kirefu, majoho meusi yametundikwa huku na huku, na katikati meza ya kukatia vitambaa, pana kuliko kitanda changu. Nyuma ya cherehani yuko fundi anayeshona majoho ya mahafali. Wote tunamwita Mama Majoho, ila sikuwahi kumwona kwa karibu. Nikaomba nijibanze mahali. Akasema meza inatosha, sharti ni moja: nisome kwa sauti, maana redio yake imekufa.

Nimekaa mbali na majoho. Kila mwanafunzi anajua: ukivaa joho kabla ya matokeo, ndiyo umelivaa mara ya mwisho. Sitaki hata liniguse bega.

Jumatatu, 10 Juni

Leo ni leo! Nilikuwa nasoma habari za wastani na mtawanyiko, kasuku mtupu, sielewi kitu. Mama Majoho akasimamisha cherehani. Huo wastani ndio nini? Nikachukua urefu wa watu ishirini kutoka daftari lake la vipimo, nikajumlisha, nikagawanya. Akatazama jibu, akacheka mpaka akavua miwani.

"Sasa huyu wa katikati yuko wapi, mwanangu? Mimi sijawahi kumshonea. Nikishona yote kwa kipimo chake, mmoja atafagia ukumbi, mwingine atatuonyesha magoti!"

Basi yeye hufanyaje? Anakata kwa kipimo cha huyo wa katikati, halafu anaacha pindo. Kundi la watu wanaokaribiana urefu, pindo jembamba. Kundi lenye wafupi sana na akina Mlingoti, pindo nene. Ukitazama pindo tu, unajua watu wametofautiana kiasi gani.

Nikapiga meza kwa kiganja. Mtawanyiko ni pindo! Miaka miwili mwalimu ananiimbia wimbo huo, kumbe jibu limekunjwa kwenye nguo. Nimefurahi kama mwehu.

Ijumaa, 14 Juni

Kila siku niko kwa Mama Majoho. Mazoezi kumi, tisa sahihi! Nikimaliza swali ananiuliza, pindo nene au jembamba? Namjibu kabla hajakata uzi. Mdogo wangu kauliza tena habari ya kiti. Nimemjibu ajiwekee mwenyewe, kwa kiatu.

Jumanne, 18 Juni

Mteremko! Nimeandika bila kuinua kichwa. Nimetoka nikimsalimia kila mtu, hata nisiowajua.

Jioni — nimekwisha. Nilikuwa naoga, nikakumbuka. Swali la tatu, alama thelathini. Niliandika PINDO. Swali zima! "Pindo la kundi la kwanza ni kubwa kuliko pindo la kundi la pili." Neno mtawanyiko halimo hata mara moja. Na anayesahihisha ni Desimali, mwalimu wetu wa Takwimu, aliyewahi kumkata mtu alama kwa sababu nukta yake imefifia.

Jumatano, 19 Juni

Sijamwambia Mama Majoho. Atajilaumu bure.

Ijumaa, 21 Juni

Naandika nimesimama juu ya meza. Nimevaa joho!

Mama Majoho alihitaji mtu mrefu wa kupimia pindo. Nikamweleza mwiko wetu. Akasema sawa mwanangu, akaanza kupanda kigoda alivae mwenyewe, na magoti yake mabovu. Nani angevumilia? Nimevaa, na kofia juu. Pini zimenizunguka miguuni. Nimeruhusiwa kuandika, si kutikisika. Daftari liko kwenye rafu ya kofia.

Hodi mlangoni.

Desimali! Joho lake limefumuka begani, na kwapani ana bahasha ya karatasi za mtihani. Nimevuta kofia mpaka kwenye nyusi. Anaomba radhi, ana haraka, yuko katikati ya kusahihisha. Kisha anauliza, kwa aibu kidogo: hivi fundi, pindo mnaliacha kwa kipimo gani? Kuna mtu kamwandikia neno hilo mara kumi na moja. Hesabu zote sahihi! Hajui ampe alama au ampe sifuri. Karatasi zina namba tu, majina hakuna.

Mama Majoho anatoa pini mdomoni, moja moja.

"Keti, mwalimu. Unamjua mtu wa katikati?"

Anaeleza yote. Anaonyesha kwa joho — hili nililovaa! Desimali ameinama, kipara chake kiko usawa wa goti langu. Sipumui. Anauliza: kwa hiyo likiwa nene, wametofautiana sana?

"We mwalimu! Si ndiyo hivyo? Mbona jambo la wazi?"

Anafungua bahasha. Anapekua. Ameipata, ameiweka mezani, kando ya mguu wangu wa kushoto. Naona mwandiko wangu. Anapapasa mifuko, wa shati, wa suruali, hana kalamu. Ameinua macho. Ananyoosha mkono, anaomba nimwazime hii ninayoandikia —