Nani Anamwagilia Tofali

Jumatatu, 7 Julai

Tofali zimetoka kwenye kalibu bila kuvunjika. Zinalala bandani zipungue maji, kesho ziingie kwenye hema lisilopitisha hewa, tufungulie mtungi wa gesi. Si ya kupikia, ni ileile inayotoka na moshi kuchafua hewa. Injinia Neema, mwenye mradi, anasema tofali linaimeza na kukomaa, na saruji tunatia kidogo. Sharti: zisimwagiliwe. Lililolowa halimezi.

Kumwagilia ilikuwa kazi ya marehemu mume wangu, Juma. Kila alfajiri.

Jumanne, 8 Julai

Zimelowa chepechepe. Kiangazi hiki, mvua itoke wapi?

Alhamisi, 10 Julai

Jana tulifyatua nyingine. Zimelowa tena! Injinia kabonyeza moja kwa kidole, kona ikamomonyoka. "Fyatueni za mwisho. Nazo zikishindwa, nahamishia hema Mwandiga." Basi mimi nirudi kuuza dagaa Kibirizi.

Sikumwambia ninachowaza. Kwamba Juma amekasirika. Nilipomsimulia mama mkwe, aliendelea kuchambua maharage. Naogopa kwenda bandani peke yangu.

Ijumaa, 11 Julai

Za mwisho tumezilinda na vibarua usiku kucha, sasa zimo hemani. Gesi nimefungulia, zipu nimefunga. Haina harufu, na ukiingia inakulaza moja kwa moja. Vibarua nimewaonya. Mama mkwe sikumwambia, yeye haji huku.

Jumamosi, 12 Julai

Yarabi. Alfajiri zipu wazi. Mama kapiga magoti, kichwa kiko ndani, ndoo imepinduka. Nikamvuta miguu mpaka uwanjani, napiga mayowe. Majirani wakaja kumpepea. Alipofumbua macho akasema, "Juma hakupenda zilale na kiu."

Kumbe ni yeye siku zote. Nimemfokea, mama mzima, mbele za watu. Halafu nikalia. Si kwa sababu ya tofali. Nilitaka awe Juma.

Jumapili, 13 Julai

Daktari anasema mama hajambo. Injinia kaleta kufuli la hema, katupa nafasi moja tena.

Jana jioni nilifyatua tofali chache za kawaida, zile zinazotaka maji, saruji ya kutosha, nikazipanga nyuma ya jiko. Za mama. Asubuhi hii anazimwagilia kwa kata, taratibu, anaongea na mwanawe. Habari za nyumbani tu. Bei ya mihogo. Mimi niko mlangoni.

Akageuka. "Mwanangu, mbona umesimama huko? Njoo umsalimie."

Nikaenda. Nikamsalimia.