Sista Niliyemkusudia Si Wewe

Kaoze, Sumbawanga Vijijini
Masika

Dada Tusekile,

Shikamoo. Naanza na shikamoo kwa sababu mama alinilea hivyo, si kwa sababu nimepoa. Sijapoa. Hujambo? Shemeji hajambo? Mguu wa mama unaendeleaje, bado unavimba jioni? Mimi ni mzima. Nalirudia hilo, maana nasikia huko Tukuyu nimeshaanza kuliliwa. Mdogo wako Lusajo ni mzima, anakula, anatembea, na leo asubuhi amekwenda shambani kwa mkulima kuangalia viwavi kwenye mahindi na amerudi kwa miguu yake mwenyewe.

Nimeandika kwenye karatasi kwa sababu simu zangu hupokei, na nikikutumia ujumbe wa sauti najua utakakoishia. Barua hii anakuja nayo mwalimu wa hapa anayekwenda likizo. Ukitaka kuirusha kwenye grupu la ukoo itabidi kwanza uipige picha, na kwa mambo ya kurusha picha, Dada, wewe hujambo.

Ngoja nianze mwanzo, maana nyie wenzangu mmeanzia katikati.

Utumbo wangu ulijisokota. Ndiyo habari nzima hiyo. Tumbo lilijaa, likawa gumu, choo hakipiti, hewa haipiti, nikapandishwa mlima hadi mjini Sumbawanga nimelala juu ya magunia ya mpunga. Madaktari wakapasua, wakakuta kipande kimeshakufa, wakakikata, na mwisho wa ule mzima wakautoa nje ubavuni kushoto. Haja kubwa sasa inapita hapo na kuingia kwenye mfuko uliobandikwa kwenye ngozi. Wenyewe wanapaita stoma. Haiumi. Haina haya pia, maana Jumapili iliyopita ilitoa sauti katikati ya mahubiri na mchungaji akapotea mstari.

Niliwaambia nyote kwamba nimepasuliwa. Habari ya stoma nilikaa nayo kwa sababu nilitaka mtu wa kwanza kuijua awe mke wangu, na aijue kwa mdomo wangu. Bupe alikuwa amebaki huko kumuuguza mama, na tulikubaliana nikishatoka wodini aje. Nilikuwa nimeshapanga hadi maneno. Wewe umenipora hayo maneno, Dada.

Sasa sikiliza ilivyokuwa. Pale hospitalini kuna muuguzi anayetufundisha sisi wenye stoma namna ya kujihudumia. Sote tunamwita Sista. Mvua zikikata barabara ya mlimani, sisi wa huku bondeni anatufundisha kwa simu. Mimi nasimama nyuma ya godauni la mahindi, ndiko mtandao unakopatikana, simu naiweka juu ya gunia kwa sauti kubwa, shati nalipandisha kifuani, na Mama Kizito ananishikia kioo. Huyu Mama Kizito ni jirani yangu, mama wa Kifipa aliyeolewa huku bondeni kutoka kule juu uwandani. Tangu nitoke wodini ndiye anayenipikia na kunifulia. Hakuna aliyemtuma.

Sista anafundisha polepole kama anayemwelekeza mtu njia. Osha kwa maji ya vuguvugu, sabuni ya manukato weka mbali. Kausha kwa kugusagusa, usisugue. Tundu la mfuko likate lienee utumbo tu, lisipwaye, maana likipwaya uchafu utakula ngozi. Mfuko usiungoje ujae. Siku hiyo akaendelea, "Na kabla ya kubandika, nyunyiza unga pale pembeni, halafu kung'uta unaobaki. Ule unga nili..." Mtandao ukakata.

Unga! Nikuulize wewe, Dada, mtu akikwambia unga unawaza nini?

Mama Kizito akauliza, "Unga gani, wa sembe au wa ulezi?"

Nikamwambia sikusikia.

"Basi ulezi ndio laini," akasema, akaenda kwake. Akauchekecha kwa chekeche, akaona haitoshi, akauchekecha tena kwa kitambaa. Alivyokuwa akiunyunyiza ungedhani anampaka mtoto mchanga poda. Nami bwana shamba mzima, mwenye cheti, nimesimama nashukuru.

Kumbe kile kikopo cha hospitali, cha poda yenyewe, kilikuwa chini kabisa ya begi langu. Nilidhani ni dawa ya fangasi za miguu.

Unalijua joto la bonde hili? Hulijui, hujawahi kuja. Jasho likakutana na ulezi, ukawa uji. Mfuko ukabanduka nikiwa kwenye kikao kwa mtendaji wa kata, na sitakueleza kilichotokea kwenye kile kiti. Nilirudi nyumbani ngozi inawaka. Nikapiga picha tumbo lilivyo, unga na wekundu na utumbo wenyewe, nikaandika, "Sista, nimepaka unga kama ulivyosema lakini ngozi inaungua na mfuko haushiki. Nifanyeje?" Nikatuma.

Kwenye simu yangu yeye nimemwandika Sista Wodi. Wewe nimekuandika Sista tangu nikiwa chuoni. Majina yamekaa juu na chini. Kidole kiliteleza, na hilo ni langu, nalibeba. Lakini ujumbe ulikuwa na maneno! Umeandikwa "nimepaka unga kama ulivyosema." Wewe uliniambia lini nipake unga? Hukujiuliza? Hukuona kwamba huyu mtu anaongea na mwingine? Simu unayo mkononi, ndugu yako tumbo liko wazi, anauliza afanyeje, na wewe badala ya kunipigia ukairusha kwa ukoo mzima! Shangazi waliomo mle, wakwe waliomo mle, watoto wa shule waliomo mle, wote wamelitazama tumbo langu. Na ukaandika chini, nimesomewa neno kwa neno: "Tumwombee Lusajo, Sumbawanga wameshammaliza, utumbo uko nje na madawa yao wamempaka." Na vikatuni vya kulia ukaweka.

Madawa! Ulezi, Dada! Baba mdogo naye eti akaikuza picha kwa vidole, akawaambia watu ule ni unga wa mifupa. Baba mdogo aliyeanza kunywa komoni, pombe ya ulezi huo huo, kabla mimi sijazaliwa, leo ameshindwa kuutambua ulezi.

Na hili la Sumbawanga mlinyamazie kabisa. Tangu nipangiwe kazi huku mnaniaga kama mtu anayekwenda kuliwa. Wenyeji wanakwambia jina la mji wao maana yake ni tupa uchawi. Tupa, Dada, si okota. Huu mwaka wa ngapi niko nao, kitu walichonifanyia ni kunipandisha mlima nikiwa nakufa na kukataa nauli. Majirani wa jumuiya yao ya Kikatoliki wamenipalilia shamba mimi Mmoraviani, nikiwa bado siwezi kuinama. Ninyi damu yangu mlichonifanyia ni kikao.

Kikao chenyewe nimepewa habari zake zote. Mmeamua nifuatwe huku, nipelekwe kwa yule mtumishi wa Mungu anayesema niutoe mfuko, nifunge kula, ataniwekea mikono na tundu litajiziba. Sasa nisikilize vizuri, na umsomee baba mdogo kwa sauti. Tundu hili likiziba lenyewe mimi nakufa, maana hiyo ndiyo njia pekee niliyo nayo. Kama kuna siku litafungwa, litafungwa na daktari, na yeye bado hajasema lini wala kama itawezekana. Mtu asikanyage Kaoze kwa ajili hiyo. Akija nitamkaribisha chakula, atakula, atalala, na asubuhi nitamsindikiza kwenye gari akiwa peke yake.

Hayo yote ningeyameza. La Bupe simezi.

Mlimkalisha mke wangu mbele ya wazee mkamwonyesha picha ile. Mkamwambia mumewe anaoza. Mkamwambia si mwanaume tena, kwamba nyumba itanuka, kwamba akija huku yatampata yaliyonipata. Halafu ukamwambia safari haipo. Nani alikupa mamlaka hayo? Nilipomtolea mahari wewe ulikuwepo, ulipiga vigelegele kuliko wote.

Nikuambie ninachokifikiria? Wewe huamini hata nusu ya huo uchawi. Wewe unaogopa zamu ya mama. Bupe akiondoka, wa kumwogesha mama ni wewe, wa kumkanda mguu ni wewe, na duka utalifunga mapema. Najua ni kazi nzito, wala sikubezi kwa hilo. Ungeniambia tu, "Mdogo wangu, peke yangu sitaweza," tungekaa, tungetafuta binti wa kusaidia, ningechangia. Lakini kunigeuza maiti ili mke wangu aendelee kukufulia mashuka ya mama! Hapana, Dada. Hilo limeniuma kuliko kisu cha daktari, maana kwa kile angalau walinilaza kwanza.

Nilimpigia Bupe mwenyewe. Alilia muda mrefu. Halafu akauliza, "Wanasema unaoza. Ni kweli?"

Nikamwambia, "Hapana."

"Basi nionyeshe."

Wakati huo Sista Wodi alikuwa ameshaipata picha yake. Akaniuliza, "Baba, ulitaka kupika uji?" Akanielekeza nioshe yote, nitafute kile kikopo, na baada ya siku chache ngozi ikatulia. Siku hizi nasikia wagonjwa wote anawaambia "poda ya kikopo", neno unga ameliacha kabisa. Kwa hiyo nikapiga picha nyingine, safi, nikalisoma jina la Bupe mara mbili kabla ya kugusa kitufe, nikatuma. Nikakaa. Sikuogopa hivyo hata nilipokuwa naingizwa chumba cha upasuaji.

Akajibu, "Hii ndiyo waliyonilizia siku zote hizi? Si kama mdomo wa mtoto tu?"

Nililia mimi, Dada. Mwambie na baba mdogo kwamba nililia.

Tangu hapo tunasoma watatu. Sista anatuunganisha, mimi nyuma ya godauni, Bupe huko kwenu jikoni. Ulikuwa unamwona anakata maboksi ya sabuni kwa mkasi ukamwuliza kama amechanganyikiwa. Alikuwa anajifunza kukata tundu la mfuko. Sista anamtajia kipimo, anakata, anarudia hadi ukingo unakuwa laini. Amejua kupasha gundi ya mfuko joto kwa viganja kabla ya kubandika. Amejua nisile karanga kwa pupa, nitafune. Ananiuliza mambo ambayo mimi mwenye tumbo sikuwahi kuyawaza, kwa mfano usiku nalalia upande gani, na Sista anamjibu bila kucheka. Wewe umepita pale jikoni mara ngapi? Hukuuliza hata mara moja hali yangu.

Msalimie mama, umwambie mwanawe hafi, na uonane naye macho kwa macho unapomwambia. Msalimie shemeji, ambaye nimesikia ndiye peke yake aliyetoka kwenye kikao kabla hakijaisha. Msalimie shangazi mkubwa aliyenipigia kuniuliza kama napata usingizi, asiulize lolote jingine. Msalimie baba mdogo, mwenyekiti wa kikao cha tumbo langu. Wanao wapwa zangu waambie mjomba akija atawaonyesha wenyewe wakitaka, bila kujificha kwenye simu.

Bupe simsalimii kupitia kwako. Jumamosi anapanda basi la Sumbawanga, nami nitakwenda kumpokea stendi. Mkoba wake wa nguo umeufungia chumbani kwako na ufunguo unao wewe. Nilimwambia angoje barua hii ikufikie, labda utaona haya umpe. Akanicheka. Akasema, "Wewe utumbo uko nje na unatembea, mimi nitashindwa kusafiri bila nguo?"

Mdogo wako, mwenye tumbo,
Lusajo