Talaka Moja Haitoshi

Jumatatu, 7 Oktoba 2013
Nimeanza chuo, Wete. Umeme wa majumbani! Wanawake tuko wawili tu, mie na Mwatum, kitoto cha juzi, kaniamkia shikamoo kama bibi yake. Mwalimu Himid kasema mwanafunzi mgeni akitaka kufaulu akae mbele, aulize, asikose kipindi. Na mtihani wa vitendo wa Desemba, asiyetokea nafasi yake anapewa mwengine. Nimekaa mbele. Jioni mume wangu, Shaame, kaniuliza chakula kiko wapi, basi.

Jumatano, 23 Oktoba
Taa moja, swichi mbili, moja chini ya ngazi, moja juu. Mara ya kwanza fyuzi ikaungua, Abrahman na wanaume wenzake wa darasani wakacheka mpaka wakakaa chini. Nikauliza. Nikarudia. Ikawaka! Nyumbani nikatengeneza taa ya chumbani kwa mama mkwe, Bi Siti, iliyokuwa haiwaki tokea Ramadhani. Kaniombea dua ndefu. Shaame kanuna. Yeye alikuwa akiiahidi hiyo taa.

Ijumaa, 22 Novemba
Balaa. Nilikuwa kwa jirani, Bi Masika, namtilia soketi. Niko juu ya ngazi, buibui nimelikunja, ovaroli inaonekana – wanaume ndio wanatoka msikitini. Wakamtania Shaame: siku hizi kaolewa na fundi. Karudi kavimba. Kasema nke wake hapandi ngazi nyumba za watu. Nikamkumbusha ruhusa kanipa mwenyewe, mbele ya baba yangu. Kajibu ruhusa ni yake, kuitoa na kuirudisha. Chai hakuigusa.

Jumamosi, 30 Novemba
Kaniacha. Talaka moja, mbele ya mama yake, mie nachambua mchele.

Nilianza kufunga nguo. Moyo unaniuma, lakini nikajisemea, angalau Jumanne nitakwenda mtihani nikitokea kwetu, hakuna wa kuniuliza. Mjinga mie! Bi Siti kanishika mkono. Eda nikalie hapa hapa, nyumba hii. Kutoka, hakuna.

Jumapili, 1 Desemba
Bi Siti kamwita Shehe Othman. Nikiwa nyuma ya pazia nimemuuliza kama naweza kutoka kwenda mtihani. Mzee mpole, hakunikaripia. Kasema mwenye talaka tatu hutoka mchana kwa haja yake, akarudi. Mwenye moja bado ni mke, mume humrejea akitaka, na kutoka ni kwa idhini yake.

Yaani kaniacha, halafu ruhusa nikamwombe yeye! Shaame huyu! Hata kusoma anasomasoma kwa kubahatisha, lakini hili kalijua barabara. Nimelia. Si huzuni, ni hasira.

Jumatatu, 2 Desemba
Mwatum kapita kunijulia hali. Kanihadithia bodi watakayopewa, ule ubao wa kufungia waya: zile zile swichi mbili. Ningeifunga macho nimefumba. Akaondoka, nikamwomba Shaame ruhusa ya asubuhi moja tu. Nikamwomba vizuri, kwa sauti ya chini, nikajichukia. Hakukataa. Kasema eda itakwisha, nisiwe na haraka. Ikisha, kiti changu kishakaliwa na mtu.

Jumanne, 3 Desemba
Nimevaa ovaroli na buibui juu yake. Shaame kakaa barazani, kaziba mlango na miguu yake. Sauti tamu, sijaisikia tokea harusi.

"Vua hiyo, Bimkubwa. Nakurejea sasa hivi, mambo yeshe."

Bi Siti akaanza kumshukuru Mungu. Mie nimesimama kizingitini. Bado nampenda mtu huyu, ndilo linalonichoma. Ningevua, leo tungekula pamoja, tungecheka. Na kesho ningeomba ruhusa ya kwenda kisimani.

Nikamwambia: "Moja hainitoshi, Shaame. Nipe zilobaki."

Bi Siti kakaa chini pale pale. Shaame kanitazama kama hanijui. Kasema nina wazimu, nikafikiri ndani. Nshafikiri: zikitimia tatu, mtihani nakwenda bila ya ruhusa yake. Nimeingia kuvaa viatu.

Naandika nimesimama. Kiatu kimoja nimekivaa. Gari ya Wete inapiga honi njia kuu, inapakia watu. Bi Siti analia, anamsihi mwanawe asinene neno. Shaame anakohoa. Miguu kaiondoa mlangoni, nasikia ndara zake zinakuja huku. Ananiita –