Kosa ya Ngosa

Lubumbashi, Jumapili baada ya ibada

Kwako Kunda, ndugu yangu wa kunifuata,

Salamu nyingi kutoka kwa dada yako. Mko wazima? Goti la Mama linasemaje siku hizi za baridi? Na wifi yangu, amepata nguvu tangu ajifungue, au bado unamwacha achote maji mwenyewe? Nakujua wewe, mvivu. Mimi hapa mwili ni mzima, chakula kinapita, na samaki wenu wa Kasenga wanaendelea kunilisha.

Barua hii nampa dereva wa lori la samaki, maana kwenye simu nilishindwa. Mara tatu umenipigia kuniuliza neno moja: mtoto tumpe jina lako, awe ndoyi wako? Mara tatu nikasema "Alo, alo, rezo iko mubaya," nikakata. Mtandao ulikuwa mzuri kabisa, Kunda. Nilikusikia hata ulivyomeza mate. Na nilimsikia Mama nyuma yako: "Mutoto analia juu anatafuta jina, na yaya yako, dada muzima, anatuchezea." Nisameheni. Sikuwa nachezea mtu. Niliona haya.

Ngoja nikueleze. Hapa sokoni kila wizi wa pesa una jina lake. Burungutu lenye noti nzuri juu na karatasi tupu ndani, hilo ni mukate. Mtu wa kukuambia umpe pesa leo akurudishie mara mbili mwezi ujao, huyo anauza kuku ya mayai. Na yule mama anayeshika pesa za likelemba, mchango wetu wa kupokezana, zamu yako ikikaribia unakuta nyumba imefungwa na mapazia yametolewa, tunasema amefanya demenajema, yaani amehama kwa Kifaransa. Majina hayo nilikuwa nayacheka kuliko wote. Cheko langu unalijua.

Halafu, wiki mbili kabla mtoto hajazaliwa, simu yangu ikalia. Ujumbe: umepokea pesa. Sijakaa vizuri, mwanamume ananipigia, sauti ya unyenyekevu: "Mama, nilikosea namba. Ile pesa iko ya dawa ya mutoto wangu, analala ku hopitali. Unirudishie, Mungu atakubariki." Nikamrudishia upesi, hata pole nikampa. Jioni ndipo nilipotazama salio. Hakuna kilichokuwa kimeingia. Ule ujumbe aliuandika mwenyewe kwa vidole vyake, na nilichomtumia kilikuwa changu: nauli ya kuja huko kwenu na pesa ya kitenge cha kumbebea mtoto. Kwa hiyo niliposema siji kwa sababu soko limenibana, nilidanganya.

Jirani yangu wa meza ni Mama Kapinga, muuza vitenge, binti wa watu wa Kasai. Amesoma huyo, na mdomo wake haulali. Alinifuta machozi kwa leso yake mwenyewe. Kesho yake akaanza kuwaonya wengine: "Bamama, muchunge! Kuko kosa mupya. Kosa ya Ngosa!" Kosa, Ngosa, likawakaa vizuri mdomoni. Kufikia Jumamosi "kosa" lilikuwa limeanguka njiani, likabaki jina langu peke yake. "Banamupiga Ngosa," wakisema mtu ameibiwa vile. "Ile iko Ngosa, usijibu." Nilimgombeza Mama Kapinga, naye akasema, "Yaya, usikasirike, ni juu bantu bakumbuke." Nani hakumbuki? Mwizi hana jina, mimi niliyeibiwa ndiye nimekuwa jina la wizi. Sasa ningempaje mtoto mchanga kitu kama hicho? Tena ni jina la kambo, bibi yetu aliyemzaa Mama, na limechafukia mikononi mwangu. Nikaandika barua ya kukataa.

Alhamisi akaja mteja, mama mmoja mzee wa upande wa Luano. Anachagua samaki, simu yake inalia. Anasikiliza, uso unamlegea. "Maskini, pesa ya dawa ya mutoto," anatuambia, na kidole kimeshaanza kubonyeza. Meza zote zikapiga kelele: "Ngosa! Ngosa!" Mimi nikaitika, "Niko!" nikidhani naitwa. Walinicheka mpaka wakashika mbavu, lakini yule mama alikuwa ameacha kubonyeza. Mama Kapinga akamwonyesha salio, hakuna kilichoingia. Akaketi kwenye gunia langu, akasema pesa aliyotaka kutuma ni ya kodi ya nyumba yake. Kisha akauliza, "Huyu Ngosa, iko nani?"

Wote wakanigeukia. Nikasema, "Iko miye."

Akanishika mikono yote miwili. "Aksanti, Ngosa. Weye ulilipa, miye nimepona." Halafu akabishana nami bei ya samaki bila huruma, na nikampunguzia.

Ile barua ya kukataa nimeiwashia makaa. Mpeni mtoto jina. Lakini kwanza mweleze Mama yote, asije akasikia kwa wachuuzi wa Kasomeno, na mwambie nimeshalia vya kutosha, yeye asiongeze. Kitenge mtakikuta kwenye mfuko pamoja na barua hii. Kimetoka kwa Mama Kapinga. Amekataa malipo, anasema ni faini ya mdomo wake.

Nisalimie mjomba wetu fundi wa mitumbwi, na shangazi wa kwaya. Wifi yangu mpendwa mwambie alale mchana, kupika upike wewe.

Na unifanyie jambo moja. Mkishampa jina, mtoe nje, umwite kwa sauti, majirani wote wasikie. Hapa mtu akitamka Ngosa, kila mama anashika simu yake. Huko nataka liitwe, na watu wageuke kumtazama mtoto tu.

Dada yako, na ndoyi wake,

Ngosa