Baba Alitaka Kuliona Bonde

Same, 4 Juni 2023

Binti yangu Violeth,

Hujambo? Wajukuu hawajambo? Duka la vyombo hapo Kariakoo linaendaje? Mimi mzima, isipokuwa macho. Daktari amesema ni presha ya macho. La kushoto limeshakufa, la kulia linaelekea huko huko. Nakuandikia kwa kuwa kwenye simu unaniambia, "Baadaye baba, nina mteja."

Nina ombi moja. Njoo na gari lako unipitishe polepole bonde la Pangani, hadi Korogwe. Niuone tena mto, mashamba ya mkonge, na lile kanisa la mawe la enzi za Mjerumani nilikofunga ndoa na marehemu mama yako. Nikishaliona, macho yafunge tu.

Baba yako.

Kariakoo, 30 Juni 2023

Baba, shikamoo.

Pole sana na macho. Sisi wazima, tunamshukuru Mungu. Nitakuja, baba. Ila kontena la masufuria bado lipo bandarini, na hapa Mtaa wa Msimbazi ukifunga duka siku mbili, mteja anahamia kwa jirani. Nivumilie hadi Desemba. Tutasimama kila utakapotaka.

Mwanao Violeth.

Same, 11 Februari 2024

Mwanangu, salamu nyingi.

Anayeandika ni Joyceline, jirani yangu. Mimi nasema tu. Desemba yote nilivaa koti asubuhi nikakaa barazani. Krismasi nilikuwa bado naona kivuli cha mkono wangu. Sasa sikioni. Njoo hivyo hivyo, utanieleza wewe.

Baba.

Kariakoo, 25 Machi 2024

Shikamoo baba.

Jana nimefika salama. Hujachoka sana na safari yetu ya bondeni? Nilifurahi ulivyotabasamu nilipokwambia mkonge umejipanga mistari hadi milimani, na kanisa limepakwa chokaa, mlango wa bluu. Unisamehe sikukushusha ulishike. Palikuwa na matope. Juni watoto wakifunga shule tutakuja wote.

Mwanao.

Same, 9 Aprili 2024

Violeth, marahaba.

Sijambo. Joyceline anaandika. Siku ya pili baada ya wewe kuondoka nilimwomba anipeleke tena kwa basi, nikalishike kanisa. Nilipiga magoti nikapapasa. Vichaka, na mawe matatu. Mchunga mbuzi akasema kanisa lilianguka zamani. Nikamuuliza mkonge. "Mkonge gani, babu?" Na palikuwa pakavu, mwanangu. Ardhi ilikuwa na nyufa, vidole viliingia.

Kwa kuchelewa sikulaumu. Lakini mimi sasa naambiwa kuna jua, naamini. Naambiwa chai ina maziwa, naambiwa hii niliyoshika ni picha ya mama yako, naamini, kwa kuwa wanaosema ni watu wangu. Joyceline aliponisomea barua yako nilimuuliza mara mbili kama kweli ndivyo ulivyoandika. Akalia. Sasa hata yeye namuuliza mara mbili.

Juni usije.

Baba yako.