Sindano Kabla ya Mita Mia

Jumapili, 7 Septemba 2025

Nimetolewa tena jana! Mita mia, kule Changamwe — sikumaliza hata mbio. Mwanzishaji kasema "Tayari", nami nikachomoka kabla ya bastola kulia. Mara ya pili mwaka huu. Lynnette wa Changamwe, ambaye siku zote ni mimi na yeye tu mbele, akashinda kwa raha zake. Kaja kunambia pole, mwili wangu una haraka kuniliko. Sikujua kama ananicheka. Wallahi yule hana hofu hata kidogo.

Mimi hofu huanza siku moja kabla. Mikono hutetemeka. Kwenye mstari moyo unadunda hadi sisikii kingine. Kocha Charo asema nikitolewa tena kwenye mchujo wa Pwani tarehe ishirini, basi mita mia nisahau. Na anayekwenda Nairobi kwa mashindano ya taifa ni mmoja tu.

Jumatano, 10 Septemba

Nimekwenda! Bi Nasreen ndiye hutukanda misuli timu nzima, na amesomea pia sindano za Kichina. Chumba chake kiko juu ya duka la dawa, hapa hapa Likoni. Kocha alisema sindano ni za malaria. Nikaenda kivyangu.

Nyembamba kama unywele! Na hazina dawa ndani. Nikauliza, sasa kinachotibu ni nini? Akasema Wachina wa kale walitaja nguvu inayopita mwilini, madaktari wengine wasema ni neva, wengine wasema ni imani tu.

"Nawe wasemaje, Bi Nasreen?"

"Mimi nasema lala chali."

Moja katikati ya nyusi. Nyingine kwenye viwiko vya mikono — la, chini zaidi, karibu na kiganja. Nyingine sikioni. Haziumi. Ni uzito tu, kama mkono ulioulalia. Nikawaza bastola makusudi, nione. Moyo ukaenda mbio... ukatulia. Nikawaza tena. Ukatulia tena. Ajabu! Halafu usingizi ukanichukua. Bi Nasreen asema nilikoroma. Aibu.

Jumanne, 16 Septemba

Leo mazoezini sikuchomoka hata mara moja. Kocha agonga mbao mbili, nami nasubiri mlio kama mtu na akili zake. Nikadhani atafurahi. Akatazama saa yake, akakunja uso.

"Mwanatatu, zamani ulitoka kama kuku aliyerushiwa jiwe. Sasa watoka kama bibi harusi."

Nimekereka. Lakini najiuliza — ile hofu je, ndiyo iliyokuwa ikinitoa haraka? Tukiitoa, tunatoa na nini kingine? Nimepita kwa Bi Nasreen kumuuliza. Akasema wanariadha wote humwuliza hofu itaondoka lini, hakuna aliyewahi kumwuliza ina kazi gani.

Jumamosi, 20 Septemba

Uwanjani, kwenye benchi. Fainali bado kidogo.

Asubuhi nilichomwa sindano. Mbio za kwanza nikatoka wa mwisho — wa mwisho! — nikafukuza, nikaingia fainali kwa kubahatisha. Nilikuwa nimetulia mno.

Sasa zimeisha nguvu. Hofu inarudi. Kocha, yule yule wa malaria, kamwambia Bi Nasreen, "Mchome tena, asije akatolewa!" Bi Nasreen kanigeukia mimi. Nikasema hapana. Nataka niione hofu ikija nikiwa macho, nijue inanifanya nini. Kocha kaondoka akisonya.

Lo! Lynnette katoka nyuma ya vyoo akifuta mdomo. Ametapika! Macho mekundu. Kumbe, asema, huwa anatapika kila fainali, miaka yote hii. Kasimama mbele yetu, ana hofu kuniliko.

"Hizo sindano zinauma aje?" kauliza.

Bi Nasreen ananitazama mimi. Mimi ndiye mgonjwa wake. Na mmoja tu ndiye anayekwenda Nairobi.

Nimesogea, Lynnette akae. Anakunja mkono wa jezi. Bi Nasreen anafungua pakiti. Kule Kocha ametuona — anakuja mbio, anapunga mikono. Spika inatuita mstarini. Mikono yangu hiyo, hata kalamu haishikik—