Kompyuta ya Mama Imewaka

Kwako Dada yangu,

Salamu nyingi zikufikie wewe, shemeji na mpwa wangu, ambaye nasikia ameanza kutambaa na anavuta kila waya anaouona. Mwambie mjomba wake anamtambua, hiyo ni damu yetu. Sisi huku ni wazima wa mwili, na goti la shangazi limetulia kidogo. Hali ya Baba nitakueleza huko mbele.

Utashangaa kupata barua, wakati siku zote tunatumiana ujumbe mfupi. Nimeandika kwa sababu kila nikimtaja Baba kwenye simu, unaniambia mtandao unasumbua. Mimi ni fundi simu, Dada. Najua mtandao unaposumbua, na najua usiposumbua. Barua haikatiki, basi nakuomba uisome mpaka mwisho, hata ukinikasirikia katikati.

Nianze na kompyuta ya Mama, ile ya chumba cha mbele, aliyokuwa akiwachapia watu barua za kuomba kazi na kadi za harusi. Tangu tumzike, chumba kile kilikuwa kimefungwa. Baba alikuwa akishinda kwenye kiti cha barazani, haongei. Ukimuuliza jambo anakujibu kwa kichwa. Chakula alikuwa anakionja tu ili kumridhisha shangazi, na mashati yake yalianza kumning'inia. Halafu asubuhi moja nikamwona amesimama kibandani kwangu mjini, yeye asiyependa kelele za pale hata kidogo. Akasema kompyuta ya Mama haiwaki, nikaitazame. Hayo ndiyo yalikuwa maneno marefu kuliko yote niliyosikia kwake tangu msibani. Nilifunga kibanda nikamfuata.

Kumbe kuwaka ilikuwa inawaka. Ukibonyeza, feni inaunguruma, jina la kiwanda linatokea, kile kiduara cha kungojea kinaanza kuzunguka, kisha kinaganda. Ungoje mpaka uchoke, hakuna kinachosogea. Nilidhani anazitaka picha za Mama zilizomo ndani, nikamwambia asiwe na wasiwasi, vitu vilivyo kwenye diski havipotei hivi hivi. Akaenda kuchukua tochi.

Nilianza kama tunavyoanza mafundi wote, kwa kupunguza. Nikachomoa printa, skana na spika, nikaacha kioo na kibodi tu. Ikaganda vilevile. Nikafungua boksi, vumbi likanipigisha chafya. Nikatoa memori, vile vibao vyembamba vya kumbukumbu, nikasugua meno yake kwa kifutio cha penseli, nikazijaribu moja moja. Nikabadilisha kibetri cha saa, kile kinachofanana na sarafu, maana tarehe ilikuwa imerudi nyuma mpaka kabla sijaota ndevu. Bado. Muda wote huo Baba alikuwa ananishikia tochi, na mkono wake hautikisiki. Nilipotega sikio kwenye diski nikaisikia ina kigugumizi, nikasema mchawi ni huyu. Hapo nikafanya kosa ambalo humkanya kila anayejifunza ufundi kwangu: nikabadilisha vitu viwili kwa mpigo. Nilihamishia kila kitu kwenye diski mpya, zile za kisasa zisizozunguka, na kwa kuwa boksi lilikuwa wazi tayari, nikaweka na waya mpya wa diski.

Dada, ilivyowaka! Sijavuta hata stuli nikae, picha ya Mama amevaa miwani yake ya kazi imeshajaa kwenye kioo. Nikamgeukia Baba nikiwa na tabasamu la fundi anayesubiri sifa. Akauliza kama ndiyo imeshawaka. Nikasema ndiyo, na itakuwa hivyo kila siku. Akanishukuru kwa adabu, kama vile mimi ni fundi wa kuitwa tu, akaweka tochi mezani, akatoka. Mchana ule hakugusa chakula kabisa.

Nilikwenda jikoni kumlalamikia shangazi kwamba kaka yake haridhiki. Shangazi, unaujua mdomo wake, akaniambia nina akili ya vyuma tu. Alisema kompyuta ile ilikuwa nzito kuamka tangu miaka hiyo, na Mama alikuwa hataki mtu aiguse. Kila asubuhi, kabla wateja hawajaanza kuja, yeye na Baba waliibonyeza, wakakaa wawili wakiingojea, na kungojea kwenyewe ndiko kulikuwa kuongea kwao. Mchana kutwa Mama alikuwa na wateja, jioni nyumba ina watu. Asubuhi ile ilikuwa yao. Shangazi alisema yeye hakuwa akiukaribia mlango ule hata kama sufuria linaungua.

Nikarudi nikatoa diski mpya, nikairudisha ya zamani, waya mpya nikauacha. Kiduara kikazunguka, kikazunguka, nikajua kinaganda tena, kikaendelea. Mwishowe ikafika, kwa uzito wake uleule. Kumbe ni waya uliokuwa umekatika kwa ndani. Diski niliyoihukumu haikuwa na kosa lolote.

Kesho yake asubuhi nilimwita Baba, nikamwambia abonyeze mwenyewe. Nikakaa kwenye stuli ya Mama, nikanyamaza, na kwa mtu mwenye domo kama langu kazi hiyo ilikuwa ngumu kuliko ile ya boksi. Baba alikitazama kiduara, akaanza kuongea bila kuniangalia. Sasa Dada, kama umesimama, kaa.

Alisema ni pale pale Mama alipomwambia. Mama alikuwa ameshakwenda hospitali peke yake, ameaga kwamba anakwenda kununua karatasi, na daktari akamweleza kwamba ugonjwa umeshatambaa mwilini, zilizobaki ni dawa za kutuliza maumivu tu. Wakati huo ulikuwa na mimba ya mtoto huyu, baada ya zile mbili zilizotoka, na ulikuwa umelazwa, umeambiwa usishtuliwe na chochote. Mama akamwapisha Baba kwamba watoto wasiambiwe, wewe wala mimi, maana alijua mimi sifichi kitu. Ndiyo sababu mimi na shangazi tuliambiwa ni vidonda vya tumbo. Mtoto azaliwe kwanza, alisema, kisha atakupigia mwenyewe. Baba alibisha, tena asubuhi nyingi, mpaka Mama akamwambia kwamba mimba ile ikiharibika kwa habari zake, hatamsamehe. Mtoto akazaliwa. Siku ile ulipoomba kuongea na Mama, Baba akakwambia amelala, Mama hakuwa amelala. Alikuwa amekaa, anakusikia, anacheka, ila sauti ilikuwa haitoki. Akaonyesha kwa mkono kwamba akipata nguvu atakupigia. Hakuzipata.

Siku ya maziko ulisema mbele ya watu kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, ukamkazia Baba macho, ukasema alimkalia Mama nyumbani bila matibabu mpaka maji yakazidi unga. Nilikuwa karibu yenu. Nilimwona akifungua mdomo, kisha akaufunga. Basi asubuhi ile nikamuuliza kwa nini hakujitetea, na kwa nini hasemi mpaka leo, wakati aliyemwapisha hayupo tena. Akasema ukijua, kila ukimtazama mwanao utaona kaburi la mama yako. Afadhali umchukie yeye, alisema, yeye ni mzee, ataubeba mzigo huo. Kisha akafuta macho kwa mkono wa shati, akasema haya, imeshaamka, akainuka.

Aliniomba nisikwambie, na mimi nikaitikia. Sasa nimekwambia, wala sitajifanya kalamu imeteleza. Nimevunja ahadi kwa sababu naona mzigo umemshinda. Simu yoyote ikilia ndani anageuza shingo, akisikia si wewe anarudi kutazama barabara. Kama nimekosa, nigombeze mimi. Ila mwanao usimtazame kwa jicho jingine. Ugonjwa ungemchukua Mama hata kama tungejua sote. Alichokitaka ni kusikia umejifungua salama, na alikisikia kwa masikio yake. Nimelia nikiandika hapa, ndiyo maana wino umesambaa.

Shangazi anakusalimu sana, anasema umletee mtoto kabla goti halijamgomea kabisa. Majirani wote wanakuulizia. Msalimie shemeji, na mpwa wangu mbusu mashavu yote mawili. Baba hakutumii salamu, kwa sababu hajui kama nimekuandikia. Zake itabidi uzifuate mwenyewe. Piga asubuhi, mapema, saa ile ya Mama ya kabla ya wateja.

Ni mimi mdogo wako,
Bisibisi